Boti yangu ya mfano inalala kulia, nikiisukuma inalala kushoto: nifanye nini?

Swali kutoka Bukavu: Sisi ni marafiki watano, watatu hapa Bukavu na wawili Goma. Tunatengeneza mifano ya boti za ziwani na tunapelekeana michoro, picha, hata vipande vya mbao tukipata mtu anayesafiri. Mimi nimetengeneza boti ya mbao ya abiria na mizigo, kama zinazokwenda kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu. Nilipima ya kweli: urefu mita 18, mahali inapokatwa na maji mita 17, upana mita 4, na ikijaa inazama mita 1. Mfano wangu ni wa kipimo cha 1 kwa 25, na kutoka chini hadi juu ya paa ni sentimita 20. Nilipouweka majini ulilala kulia. Nikiusukuma unalala kushoto na kubaki huko huko. Mfano mzima una kilo 1 na nusu. Nyumba ya juu yenye ngazi mbili na paa lake, ya tripleksi (mbao za tabaka zilizogandishwa) ya milimita 4, peke yake ni gramu 900. Tena mbao za mbele zimeanza kuachana na maji yanaingia kidogo. Mwenzangu mmoja anasema nijaze mawe chini. Wa pili anasema nibandike risasi upande wa kushoto. Wa tatu anasema nibomoe nyumba ya juu. Nimsikilize nani?

Jibu: Ndugu yangu, anza na wa tatu, kisha umfuate wa kwanza kwa kubadilisha jambo moja: usitumie mawe. Huyo wa pili, pamoja na nia yake njema, usimfuate kabisa, maana dawa yake ni ya ugonjwa mwingine na kwako itazidisha hali.

Umefanya vizuri kueleza kwamba boti ikisukumwa inabaki upande wa pili. Neno hilo ndilo linaloonyesha ugonjwa. Boti iliyoelemewa upande mmoja, kwa mfano injini ya bandia imekaa pembeni, hurudi daima upande uleule hata ukiisukuma mara kumi. Hiyo ndiyo huponywa kwa kuhamisha uzito. Boti ambayo mwili wake umejipinda hufanya karibu vivyo hivyo, na utaijua kwa kuweka rula mbili zilizonyooka juu ya kingo zake, moja mbele na moja nyuma, kisha kutazama kutoka mbali kwa jicho moja: rula zisipolingana, mwili umepinda. Lakini boti inayolala kulia, ikisukumwa ikalala kushoto, na kukataa kusimama katikati, hiyo ni nzito juu. Haina upande inaoupenda. Inachokataa ni kusimama wima. Ukiiwekea risasi kushoto haitasimama katikati. Itaanguka kushoto, tena zaidi ya ilivyolala mwanzo, kwa sababu sasa umeongeza msukumo kwenye chombo kisicho na nguvu ya kujirudisha.

Tuchukue vipimo vyako, maana umevitoa vya kutosha.

Kwa 1 kwa 25, urefu wako ni sentimita 72, mahali pa maji sentimita 68, upana 16, na kina kinachozama sentimita 4. Zidisha 68 kwa 16 kwa 4, kisha uchukue nusu yake, kwa sababu boti iliyochongoka mbele na kuviringika chini hujaza takriban nusu ya sanduku hilo la maji. Unapata sentimita za ujazo 2,176, yaani gramu 2,176. Huo ndio uzito ambao mfano wako unapaswa kuwa nao ili uzame mahali boti ya kweli inapozama. (Boti ya chini bapa hujaza zaidi, 0.6 au hata 0.7. Kwa hiyo hesabu hii ni mwanzo tu. Mstari wa maji utakaouchora kwenye mwili ndio utakaokata shauri.) Maji ya Kivu yana chumvichumvi kidogo, lakini tofauti yake na maji ya bomba kwa mfano wa kilo mbili ni gramu chache tu.

Sasa wewe una gramu 1,500. Umepungukiwa na gramu 676, na tena gramu 900 za hizo ulizo nazo ziko juu. Hapo penye kiu ya uzito ni chini, na uzito wote umeupeleka ghorofani.

Kila chombo kina nukta mbili za kuangaliwa. Ya kwanza ni kitovu cha uzito, mahali ambapo uzito wote ni kama umekusanyika. Ya pili huitwa metasenta, nukta iliyo juu zaidi, ambayo umbo la mwili na upana wake ndivyo vinavyoiweka mahali pake. Kitovu kikiwa chini ya metasenta, boti hujirudisha. Kikipita juu yake, boti hulala mpaka ipate mahali pa kutulia, kulia au kushoto, ndivyo yako ilivyofanya. Kwa mwili wa vipimo vyako, ukizama sentimita 4 kamili, metasenta iko karibu sentimita 8.6 kutoka chini ya mkuku. (Mkuku ni ule uti wa mgongo wa boti, ubao mrefu wa chini kabisa.) Kwa sasa boti yako ni nyepesi na inazama kama sentimita 3 tu, hivyo metasenta imepanda hadi kwenye 10. Lakini ukikadiria mwili wa gramu 600 kuwa na kitovu kwenye sentimita 4.5, na nyumba ya gramu 900 kwenye sentimita 16, kitovu cha boti nzima kinaangukia kwenye 11.4. Kimepita metasenta kwa zaidi ya sentimita moja. Isingeweza kusimama.

Usiyaamini makadirio yangu, pima mwenyewe. Ng'oa nyumba ya juu, ilaze kwa ubavu juu ya penseli ya mviringo, isogeze mpaka ikae bila kuanguka upande wowote, na uweke alama. Fanya hivyo pia kwa mwili wa boti. Kazi ya dakika tano, na itakuepusha na wiki nzima ya kubahatisha.

Sasa mawe. Tuseme umeacha nyumba ilivyo na ukajaza gramu 676 za mawe. Mawe yaliyo karibu nanyi, hasa kwa wenzako wa Goma, ni ya lava, yenye matundu, mepesi kuliko yanavyoonekana. Yatarundikana juu zaidi, na kitovu chake kitakaa kama sentimita 2.5 kutoka chini. Piga hesabu: kitovu cha boti nzima kinakuwa 8.6, sawasawa na metasenta. Boti itakaa kama yai mezani. Uzito uleule ukiwa wa risasi, uliolala kwenye sentimita 1, unakupa kitovu cha 8.2. Utasimama, lakini kwa milimita 4 tu za akiba; nzi akitua kwenye paa utamjua. Kwa hiyo mwenzako wa kwanza amesema kweli kwamba chini kunahitaji uzito, lakini uzito huo peke yake hautoshi, na jiwe si kifaa chake.

Jambo hili liliwakuta wakubwa pia. Meli ya kivita Vasa ya Uswidi ilizama ndani ya Stockholm tarehe 10 Agosti 1628, ikiwa imekwenda mita 1,300 hivi tu tangu ifunguliwe. Kabla ya safari walikimbiza watu 30 kutoka ubavu huu hadi ule kuipima. Ilipokimbiwa mara tatu ikayumba vibaya mno wakalisimamisha jaribio. Ndani yake mlikuwa na mawe ya kuilemea chini, lakini juu kulikuwa kuzito kupita kiasi, na kuongeza mawe kungeshusha madirisha ya mizinga karibu na maji. Tatizo lake na lako ni moja, tofauti ni ukubwa.

Basi nyumba ya juu ijengwe upya. Tripleksi ya milimita 4 kwa 1 kwa 25 ni sawa na ukuta wa sentimita 10 kwenye boti ya kweli. Hakuna seremala wa ziwani anayejenga hivyo. Tumia kartoni ngumu ya milimita 1, ile ya migongo ya kalenda na ya majalada ya vitabu vya hesabu, siyo ya maboksi yenye mawimbi ndani. Ikate kwa wembe mpya na rula ya chuma, mara tatu au nne kwa mkono mwepesi badala ya mara moja kwa nguvu, maana nguvu huvuta nyuzi za karatasi na kingo zinakuwa na manyoya. Ukishakata, paka vanishi iliyozimuliwa nusu kwa nusu pande zote mbili na hasa kwenye kingo, uache ikauke, upitishe msasa laini, upake tena. Kartoni ikinywa vanishi inakuwa ngumu kama ubao na haiogopi matone. Ukipaka upande mmoja tu itajikunja kama chapati, basi paka zote mbili siku hiyohiyo. Nguzo chonga kwa mwanzi. Kijiti cha milimita 2 cha mwanzi kinatosha kwa nguvu. Paa lifanye la kartoni pia. Ukitaka mikunjo ya bati, chukua karatasi ya alumini ya makopo ya maziwa ya unga, ilaze juu ya vijiti vilivyopangwa sambamba, uisugue kwa kijiko mpaka mistari itokee.

Ukifanya hivyo, nyumba nzima itakuja kama gramu 300. Sasa una mwili 600 na nyumba 300, jumla 900, na nafasi ya gramu 1,276 za kuweka chini. Kwenye pwani uzito huo wa kutuliza chombo huitwa farumi. Weka gramu 1,200 tu sasa, zile 76 ziachie rangi, kamba, mabenchi na mizigo midogo ya sitahani. Kitovu cha boti nzima kitashuka hadi karibu na sentimita 4, na akiba yako itakuwa sentimita 4 na nusu badala ya milimita 4.

Risasi utapata kwa wavuvi, zile chubwi za nyavu, au kwa mafundi wa magurudumu, vile vipande vya kusawazishia matairi. Gramu 1,200 za risasi ni sentimita za ujazo 106 tu: ukizigonga bapa zinaingia kwenye ukanda wa urefu wa sentimita 43, upana 5, unene nusu sentimita. Ndiyo sababu inakaa chini kuliko jiwe lolote. Igonge kwa nyundo, usiiyeyushe. Moshi na vumbi la risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na sufuria ikishayeyushia risasi hairudi tena jikoni. Nawa mikono ukimaliza, na vipande vikishakaa vipake rangi ili visiguswe.

Usiigandishe siku hiyo. Igawe kwenye vifuko vidogo vya nailoni vya gramu 100, viweke ndani, boti iwe majini, na uvisogeze mbele na nyuma mpaka mstari wa maji ulingane. Boti zinazokwenda na mzigo hukaa nyuma chini kidogo kuliko mbele. Milimita 2 au 3 zinatosha. Chombo cha kupimia kinachofaa kwa urefu wako ni pipa la lita 200 lililopasuliwa kwa urefu. Beseni la nguo ni fupi, boti itagusa ukingo nawe utadhani imetulia.

Vikikaa vizuri, pima uthabiti kwa uzi. Simamisha kijiti katikati ya boti, ning'iniza uzi wa sentimita 20 wenye nati ya chuma kwenye ncha, na nyuma yake weka rula iliyolala. Chukua uzito wa gramu 50, uweke katikati ya boti, na usome uzi ulipo. Kisha usogeze uzito huo sentimita 6 kwenda ubavuni, ungoje maji yatulie, usome tena. Gawa 2.76 kwa sentimita ambazo uzi umehama, nawe utapata akiba yako, umbali kati ya kitovu na metasenta. Uzi ukihama milimita 6, akiba ni sentimita 4.6. Ukihama sentimita 7, akiba ni milimita 4, rudi kazini. Kwa boti ya upana wako ningetaka uzi uhame kati ya nusu sentimita na sentimita moja na nusu. (Hiyo 2.76 ni 50 mara 6 mara 20, igawanywe kwa 2,176. Wenzako wenye boti za uzito mwingine wabadilishe namba ya mwisho.)

Kwa nini nadai akiba kubwa namna hii, wakati boti ya kweli ina ndogo zaidi kwa kipimo? Kwa sababu upepo haupunguzwi kwa kipimo. Ukipunguza boti mara 25, upepo unaoipata unakuwa kama umeongezeka mara 5, yaani kipeo cha pili cha 5 ndiyo 25. Upepo wa mita 3 kwa sekunde, unaotikisa tu majani ya migomba, kwa mfano wako ni kama upepo wa mita 15 kwa sekunde juu ya boti ya kweli, ambao nahodha yeyote wa Kivu angebaki bandarini kwa ajili yake. Anayetaka kufuata vipimo mpaka mwisho hata kwenye uthabiti, aiweke kabatini. Ya kuelea lazima iwe nzito chini kuliko ile ya kweli.

Sasa twende kwenye mbao za mbele, na nakuomba usilione kuwa jambo la pili. Maji yanayoingia ni sehemu ya kulala kwa boti yako. Maji yaliyolala sakafuni hayakai mahali pamoja. Boti ikiinama yanakimbilia upande ulioinama na kuusukuma zaidi. Na wingi wake si hoja, hoja ni upana. Utando wa milimita 3 tu, urefu sentimita 60 na upana 10, ni gramu 180 za maji, lakini unakula sentimita 2.3 za akiba yako. Nusu nzima! Kwa hiyo hata baada ya kuziba, weka ubao wa kugawa ndani, kutoka mbele hadi nyuma katikati kabisa, uliogandishwa sakafuni usipitishe maji. Ubao huo mmoja unapunguza hasara hiyo hadi robo.

Mbao za omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, huachana kwa sababu mojawapo kati ya tatu, na mara nyingi zote tatu zinakuja pamoja.

Ya kwanza ni upana. Katikati ya boti, kutoka mkuku hadi ukingo wa juu, umbali wa kufuata mviringo kwa boti yako utakuwa kama sentimita 12.8, mbao 16 za milimita 8 zinaingia sawasawa. Lakini mbele kabisa umbali huo unashuka, tuseme hadi sentimita 8.8. Mbao 16 za milimita 8 haziwezi kuingia hapo. Ukilazimisha, zinapandana au zinajikunja ubavuni, na siku gundi ikichoka zinaruka. Gawa 8.8 kwa 16: kila ubao unatakiwa uwe milimita 5.5 pale mbele. Chora mstari kwenye theluthi ya mwisho ya kila ubao, kutoka 8 hadi 5.5, na uuchonge kwa randa ndogo au kwa wembe, upande mmoja tu. Kama hesabu yako ikileta chini ya milimita 4, yaani nusu ya upana, usichonge hivyo. Hapo punguza idadi ya mbao, mbili ziishie njiani na kupokewa na moja. Nyuma mara nyingi ni kinyume, nafasi inapanuka, nawe unajaza kwa kabari nyembamba ya mbao, siyo kwa mastiki.

Ya pili ni mataruma, zile mbavu za tripleksi. Mbavu za mbele zikiwa na kingo za mraba, ubao unagusa ukingo mmoja tu na gundi inashika milimita moja. Kabla ya kupiga ubao wowote, chukua ubao mmoja mwembamba, ulaze juu ya mbavu zote kwa kuufinya na mkono, utazame mwanga. Mahali mwanga unapita, sugua kwa msasa uliobandikwa kwenye fito mpaka ubao uguse upana wote wa kila ubavu. Kwa boti ya sentimita 72 kazi hii ni ya jioni mbili. Mafundi wengi wanaoanza huiruka, kisha hulaumu gundi.

Na kabla ya gundi, funga kila kitu kikavu. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika ni mfano mzuri kwa hili. Ilipotengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen, iliunganishwa kwanza kwa bolti, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, na huko Kigoma ndipo ilipopigwa ribiti na kushushwa majini mwaka 1915. Kipande kisichoingia kingejulikana Papenburg, siyo ufukweni Kigoma. Bolti zako wewe ni vibanio vya nguo na vipande vya mpira wa ndani wa baisikeli. Vitumie kwa mbavu zote na mbao nne za kwanza, utazame kwa siku nzima, ndipo ufungue chupa ya kole, yaani gundi.

Ya tatu ni unyevu, na hili ni la Bukavu hasa. Mvua zetu huanza Septemba na kumalizika Mei. Mbao uliyonunua Kadutu mwezi wa Aprili imejaa maji hata kama unaiona kavu. Ukiibandika wakati huo, ikifika Julai inapungua upana, na kila kiungo kinafunguka unywele mmoja. Mbao 16, nywele 16. Pasua mbao zako vipande vya milimita 2, zifunge kwa mzigo usiobana sana na vijiti katikati ya kila safu ili hewa ipite, ziweke ndani ya nyumba juu ya kabati wiki tatu, siyo jikoni na siyo juani. Chagua siprese yenye nyuzi zilizonyooka kuliko libuyu. Libuyu ni nzuri kwa mkuku lakini nyuzi zake hupishana na huvunjika kwenye mkunjo. Mikalitusi iache kabisa, inajipinda.

Kwa kukunja, loweka ncha ya ubao kwenye maji ya moto dakika 20 au 30, ifunge palepale penye mkunjo bila gundi, uiache saa 24, na wakati wa mvua siku mbili. Ikikauka itakuwa imekumbuka umbo. Ndipo uibandike. Gundi nyeupe haishiki ubao uliojaa maji. Inabaki kama maziwa juu yake.

Boti yako ya sasa hutahitaji kuivunja. Itoe majini, ikauke wiki mbili. Usimimine gundi kwenye nyufa, maana gundi ikikauka husinyaa na ufa unarudi. Chonga vijiti vyembamba vya siprese ileile, vya umbo la kabari, vipake gundi, vichomeke kwa kidole mpaka vikaze kidogo, ukate vinavyobaki kesho yake. Usiige kalafati ya boti za kweli, pamba inayopigwa kwa patasi kati ya mbao. Mbao za boti kubwa ni nene na zikivimba zinabana pamba. Zako za milimita 2 pamba itazisukuma nje. Ndani, paka epoksi au vanishi nzito mara mbili, ukiinamisha boti ili iingie kila kona. Nje, ukipata epoksi, laza kitambaa chembamba kama cha neti ya bibi harusi juu ya omo yote na uipake juu yake. Ukishasugua haitaonekana.

Neno moja kuhusu michoro mnayopelekeana, kwa sababu huenda nusu ya taabu zenu inatoka huko. Mchoro ukitumwa kwa simu na kuchapwa kwenye duka la fotokopi, mashine mara nyingi huupunguza ili uingie kwenye karatasi. Asilimia 4 huioni kwa macho, lakini sentimita 72 zinakuwa 69, na uzito unaotakiwa unapungua kwa zaidi ya asilimia 11. Mbaya zaidi ni mbavu zilizochapwa siku mbili tofauti: za mbele kwa kipimo kimoja, za nyuma kwa kingine. Kila mchoro uwe na mstari wa sentimita 10 ulalao na mwingine usimamao, na anayepokea aupime kabla ya kukata. Na picha za kuombea ushauri zipigwe kutoka mbele kabisa, simu ikiwa kwenye usawa wa maji, mita tatu nyuma na kuvutwa karibu, siyo kwa kuinama juu ya boti; picha ya karibu hupanua omo na kumdanganya anayeitazama. Andika chini yake uzito wa mwili, uzito wa juu, na kina kilichozama mbele na nyuma. Kwa namba hizo nne wenzako watatu wasingekupa majibu matatu.

Ukiipeleka ziwani, nenda asubuhi kabla upepo haujaamka, kwenye ghuba iliyojikinga, mbali na mahali mto Ruzizi unapoanza kuvuta maji. Funga uzi wa kuvulia kwenye pete iliyo chini ya omo, siyo kwenye nyumba ya juu, maana ukivuta juu unaipindua mwenyewe. Ijaribu kwanza ikiwa na vifuko vya risasi vilivyofungwa tu. Vigandishe baada ya rangi ya mwisho kukauka, na uache kimoja cha gramu 50 huru chini ya kifuniko cha sitaha, cha kusawazisha kila utakapoongeza benchi, gunia au abiria.